Nyumba Isiyoshika Moto: Historia ya Paa na Ukuta Huko Nyundo

Ukisimama juu ya kilima chochote cha Nyundo na kutazama chini kuelekea mto Sebeya, huoni paa la nyasi. Unaona mabati, mapya yanayong'aa na ya zamani yaliyoliwa na kutu, na hapa na pale vigae vyekundu. Wazazi wa babu zetu waliona kinyume chake: nyasi kila mahali, na vigae kwenye misioni tu. Badiliko hili husimuliwa kama habari ya maendeleo, na kweli ni maendeleo. Lakini mimi nalisoma pia kama historia ya hofu. Kila kizazi kilijenga nyumba ya kujikinga na balaa lililokipata kizazi kilichotangulia, na kwa muda mrefu balaa hilo lilikuwa moto. Katika insha hii nataka kueleza jinsi moto ulivyoshindwa, nani aliyebeba gharama, na kwa nini nyumba hiyo isiyoungua ilibomoka usiku mmoja wa Mei 2023 bila kuguswa na cheche hata moja.

Nyumba ya jadi ya Rwanda, inzu, ilisukwa. Nguzo zilisimikwa kwa mduara, fito na matete yakafumwa kutoka chini hadi kileleni kama kikapu kilichopinduliwa, kisha nyasi zikapangwa juu safu kwa safu. Aliyetembelea makumbusho ya jumba la mfalme huko Nyanza ameiona nyumba hiyo kwa ukubwa wa kifalme. Ya mwananchi ilikuwa ndogo zaidi, lakini ufundi ulikuwa uleule. Ndani, karibu na katikati, palikuwa na mafiga matatu. Dohani haikuwapo. Moshi ulipanda, ukazunguka, ukapenya taratibu kwenye nyasi, na humo ulikuwa na kazi yake: ulikausha paa na kufukuza wadudu. Nyumba isiyowashwa moto ilioza upesi. Kwa hiyo mwenye nyumba alihitaji moto ndani ya kitu ambacho moto ungeweza kukimaliza kwa dakika chache. Mapokeo yanasema kwamba hata katika makao ya wafalme ulitunzwa moto wa Gihanga, mwanzilishi wa ufalme, usiozimwa kutoka utawala hadi utawala. Moto ulikuwa uhai wa nyumba, na kila mama aliyelala karibu na mafiga alijua kwamba ndio pia adui yake.

Je, watu hao hawakujua kujikinga? Walijua. Mbele ya nyumba palikuwa na imbuga, uwanja uliofagiwa kila asubuhi hadi udongo ukabaki mtupu. Tumezoea kusema kwamba imbuga ilikuwa ni usafi na heshima kwa wageni, lakini uwanja usio na jani kavu ni uwanja ambao moto hauna cha kula. Ghala la nafaka lilisimama peke yake, mbali kidogo na mafiga. Udhaifu ulikuwa kwenye ua. Ua wa miti hai kama minyaa hauwaki kwa urahisi, lakini wa matete makavu ni kama utambi uliozungushiwa boma zima.

Na nyumba ikiungua? Hapa ndipo penye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote katika ujenzi wa zamani. Neno umuganda, ambalo leo kila Mnyarwanda analijua kwa kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asili yake ni mti wa kujengea nyumba. Jirani alikuja na mti wake, mwingine na fito, mwingine na mzigo wa nyasi, na nyumba ikasimama tena. Kuta hazikuweza kuhimili moto. Walioweza kuuhimili walikuwa majirani. Vifaa vyote vilitoka kilimani na bondeni, mafunjo yakikatwa kwenye vinamasi, na hakuna aliyedaiwa fedha. Nyumba hiyo haikukusudiwa kudumu miaka hamsini. Ilikusudiwa kuweza kujengwa upya.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini wazee wetu hawakuweka paa la udongo, kama tembe ya Wagogo kule Dodoma, ambayo juu ni udongo mtupu na si rahisi kuichoma. Jibu liko mawinguni. Dodoma ni nchi kavu. Nyundo iko kati ya ziwa Kivu na nyanda za juu za Gishwati, na mvua zetu zingeligeuza paa la namna hiyo kuwa uji kabla ya Krismasi. Nyasi zilizoinama sana zilimwaga maji vizuri. Yaani mjenzi wa zamani alipima balaa mbili, moto na maji, akaamua kwamba maji ndiyo hatari zaidi. Naomba msomaji alikumbuke hilo, maana nitalirudia.

Mwaka 1901 Mapadri Weupe walianzisha misioni ya Nyundo, mojawapo ya misioni za kwanza kabisa nchini baada ya Save. Pamoja na mafundisho walileta tanuri. Tofali la kuchoma na kigae vilikuwa vitu vipya: udongo uleule wa bondeni, lakini umepikwa hadi ukakataa kuwaka na kukataa kuyeyuka. Kwa hakika hii ndiyo nyumba bora iliyopata kujengwa kwenye vilima hivi, na hadi leo majengo ya zamani ya misioni yanashuhudia. Ila ilikuwa na bei yake. Tanuri hula kuni nyingi mno, na nyumba ya kigae inahitaji kenchi nzito za mbao za kubeba uzito huo. Familia ya kawaida haikuwa na msitu wa kuchoma. Basi kwa nusu karne nyumba isiyoungua ilikuwa ya kanisa, ya serikali ya kikoloni na ya machifu wachache. Aloys Bigirumwami alipowekwa wakfu kuwa askofu wa Nyundo mwaka 1952, Mwafrika wa kwanza kupewa uaskofu katika makoloni ya Ubelgiji, waumini wengi waliomshangilia siku ile walirudi kulala chini ya nyasi.

Kisha ikaja Novemba 1959. Tarehe 1 mwezi huo chifu mdogo Dominique Mbonyumutwa alishambuliwa huko Byimana, uvumi ukaenea kwamba ameuawa, na ndani ya siku chache moto ulikuwa umetapakaa kutoka Gitarama hadi Ruhengeri na Gisenyi. Nyumba za Watutsi zilichomwa kwa maelfu. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru Rwanda mwaka 1960 ulieleza jinsi wachomaji walivyotembea kwa vikundi vidogo wakiwa na viberiti na mafuta ya taa, yaleyale ambayo kila nyumba iliyanunua kwa ajili ya koroboi. Hawakuhitaji silaha nyingine. Paa la nyasi na ua wa matete vilimaliza kazi. Watu walikimbilia misioni, ndani ya kuta za matofali, na wengi wakavuka mipaka kwenda Kongo, Uganda, Burundi na Tanganyika, wasirudi kwa zaidi ya miaka thelathini.

Naamini hapa ndipo maana ya nyasi ilipobadilika. Kabla ya hapo moto wa nyumba ulikuwa ajali, na ajali ina jirani wa kusaidia. Mwaka 1959 mwenye kiberiti alikuwa jirani mwenyewe, yule ambaye zamani angeleta mti wa umuganda. Nyumba ambayo kinga yake ilikuwa watu ilibaki bila kinga.

Miaka iliyofuata nyasi zilipungua zenyewe, kwa sababu isiyo na siasa. Sensa ya 1978 ilihesabu watu milioni 4.8, ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 13.2 kwenye ardhi ileile. Mahali palipoota nyasi za kuezekea palilimwa viazi, vinamasi vikawa mashamba, na mzigo wa nyasi ukawa kitu cha kununuliwa. Bati, ambalo halioti popote, likawa linapatikana kwa urahisi zaidi. Kuta nazo zikageuka kuwa za rukarakara, tofali bichi la udongo na majani yaliyokatwakatwa, linalokaushwa juani. Halihitaji kuni hata moja. Mwaka 1994, wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, ambayo hapa Nyundo yaliingia hadi kanisani na seminarini, ilionekana kwamba hata nyumba isiyoungua haimlindi mtu dhidi ya mtu: zile zilizokataa moto zilivuliwa mabati na vigae, zikang'olewa milango, zikabomolewa kuta. Sitasema zaidi juu ya hilo, kwa sababu si habari ya ujenzi.

Baada ya vita serikali iliamua, Desemba 1996, kwamba watu wa vijijini waishi katika midugudu, yaani vijiji vya pamoja, badala ya kila familia kukaa kwenye shamba lake kilimani. Huku kaskazini-magharibi amri hiyo ilitekelezwa hasa baada ya vita vya waasi vya 1997 na 1998, na kuna familia zilizokaa miezi mingi chini ya shitingi za plastiki zikingoja nyumba. Mdugudu ulirahisisha shule, maji na usalama. Ulifanya pia jambo moja ambalo halisemwi sana: ulimwondolea mwenye nyumba uhuru wa kuchagua mahali. Zamani mjenzi alitembea kilimani mwake akitafuta penye upepo mzuri na mteremko wa wastani. Sasa alipewa kiwanja chenye namba.

Pigo la mwisho kwa nyasi lilikuja na mpango ulioitwa Bye Bye Nyakatsi. Nyakatsi ndiyo nyumba ya nyasi. Mpango ulishika kasi mwishoni mwa 2010 na kufikia kilele mwaka 2011. Zaidi ya kaya 100,000 zilihamishwa kutoka nyakatsi, na serikali iligawa mabati kwa wasio na uwezo huku umuganda ukijenga kuta. Sina shaka kwamba wengi walifurahi. Mtoto anayesoma chini ya bati lisilovuja hawezi kuililia nyakatsi. Lakini mahali pengine nyakatsi ilibomolewa kabla nyumba mpya haijakamilika, na shirika la Survival International lilipaza sauti mwaka 2011 kuhusu familia za Watwa zilizoachwa bila paa msimu wa mvua. Kilichopotea kimyakimya ni ufundi. Kijana wa umri wangu hawezi kusuka paa, na nyumba aliyozaliwa bibi yake anaiona kwa tiketi, Nyanza.

Mwaka huohuo wa 2011 Rwanda ilianza kuondoa mapaa ya asbesto kwenye shule, hospitali na nyumba za zamani. Asbesto ilipendwa na wajenzi wa kikoloni na waliowafuata kwa sababu moja kubwa, kwamba haishiki moto. Baadaye ikajulikana kwamba vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Naiweka hapa kama kokoto ndani ya kiatu cha yeyote anayedhani kwamba kuushinda moto ni kumaliza kazi.

Niongeze neno juu ya moto wa kichaka, kwa kuwa vitabu vingi vya ujenzi salama dhidi ya moto vimeandikwa kwa ajili yake. Nyundo ni kijani karibu mwaka mzima na hatuna balaa hilo. Wanalo Waaustralia. Tarehe 7 Februari 2009 moto uliua watu 173 katika jimbo la Victoria na kuteketeza nyumba zaidi ya 2,000. Wataalamu wao walikuwa wamegundua kwamba nyumba nyingi haziunguzwi na ukuta wa moto unaokuja mbio, bali na makaa madogo yanayopeperushwa na kuingia kwenye upenyo wa paa. Kwa hiyo mshauri wao anamwambia mwenye nyumba ya shamba: safisha uwanja unaoizunguka, weka paa la bati lisilo na nafasi, jenga ukuta wa kitu kisichowaka, uwe na tangi la maji. Huko Eltham, karibu na Melbourne, mjenzi Alistair Knox alianza kujenga kwa tofali bichi la udongo tangu miaka ya 1940, na hadi leo wapo wenye fedha wanaojivunia kuta hizo. Nilipoyasoma hayo nilicheka kidogo. Imbuga iliyofagiwa, bati, rukarakara: mtu wa Nyundo asiye na fedha anaishi ndani ya nyumba ambayo Mwaustralia anaichora kwa msaada wa mhandisi.

Sisi nasi tuna moto wetu wa pekee, ule unaotoka chini. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita katikati ya Goma, na mamia ya maelfu ya watu wakavuka kuja Gisenyi. Nyumba nyingi za mbao kule ziliwaka kabla lava yenyewe haijazigusa. Hata hivyo watu wa Goma walijenga tena kwa mbao juu ya lava iliyopoa, na wana hoja: mbao ni nyepesi, na ardhi inapotikisika hazikuangukii kichwani. Tulielewa hoja hiyo Mei 2021, mlima ulipolipuka tena tarehe 22 na matetemeko yakafuatana siku kadhaa. Lava haikufika kwetu. Kuta za tofali ndizo zilizopasuka Rubavu, na nyingine zikaanguka. Udongo hauwaki, lakini haupindi.

Miaka miwili baadaye, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mvua ilinyesha bila kukoma katika Mkoa wa Magharibi na Kaskazini. Sebeya ilitoka kwenye kingo zake. Watu zaidi ya 130 walikufa nchini usiku ule, na nyumba zaidi ya 5,000 zilibomoka, Rubavu ikiwa miongoni mwa wilaya zilizoumia sana. Rukarakara ikiloa kuanzia chini haitoi onyo. Kwanza mstari wa chini unalainika kama ugali, kisha ukuta wote, pamoja na bati lililotolewa mwaka 2011, unakuja ndani, juu ya waliolala. Hapo ndipo narudi kwa mjenzi wa zamani aliyepima moto na maji. Yeye aliogopa maji zaidi. Sisi, baada ya karne ya kuogopa moto, tulijenga kuta ambazo moto haziwezi na maji yanaziweza.

Wapo watakaosema kosa ni la rukarakara. Mimi sikubali, na ushahidi wangu uko juu ya mto. Maji ya Sebeya yanatoka kwenye nyanda za Gishwati. Katika miaka ya 1970 msitu wa Gishwati ulikuwa na hekta zipatazo 28,000. Ulikatwa kwa ajili ya malisho, misonobari na mashamba ya viazi, na baada ya 1994 kwa ajili ya familia zilizorudi bila ardhi, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimebaki karibu hekta 600. Mteremko uliovuliwa msitu hauwezi kushika maji. Kilichobaki kimeunganishwa na Mukura kuwa hifadhi ya taifa, na miti inapandwa, lakini mti haukui kwa kasi ya mvua. Ukuta wa nyumba ya Nyundo, kwa maneno mengine, ulianza kudhoofishwa kilomita nyingi kutoka msingi wake, na watu ambao hawakuwahi kuiona nyumba hiyo.

Mwaka 2019 kanuni mpya za ujenzi ziliruhusu rukarakara hata ndani ya miji, mradi ijengwe kwa viwango. Naona ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu kulikataza tofali bichi ni kurudi kwenye tanuri, na tanuri ni msitu mwingine unaoteketea. Suala ni viwango hivyo. Fundi mmoja wa kwetu alinieleza nyumba ya familia anayoiona inafaa, na hesabu yake ilianzia chini. Msingi wa mawe meusi ya volkano, amakoro, upande hadi magotini kabla tofali la kwanza halijawekwa. Juu ya madirisha kuwe na lenta inayozunguka nyumba yote ili kuta zishikane ardhi ikitikisika. Upenu utoke nje vya kutosha, mvua isipige ukuta. Maji ya bati yakusanywe kwenye tangi, maana yakiachwa yanachimba msingi wa jirani wa chini, na tangi hilohilo ndilo zimamoto pekee tutakalokuwa nalo huku milimani. Jiko liwe nje, kwenye kibanda chake, na imbuga ibaki. Nilimuuliza kuhusu mahali. Akaniambia, "Mwanangu, hilo huniulizi mimi."

Baada ya Mei 2023 maeneo ya hatari, yanayoitwa amanegeka, yaliwekewa alama, na wenye nyumba za kandokando ya Sebeya wakaambiwa wasijenge tena pale. Wengine wamepewa mahali pengine, wengine wamepanga vyumba, wengine shamba lao pekee liko pale pale mtoni na kila asubuhi wanateremka kulilima. Bati lilikuwa jepesi kugawa: mtu alilibeba kichwani akapanda nalo kilimani. Msingi wa amakoro hubebwa kwa lori, unalipiwa kwa safari, na unahitaji kwanza kiwanja ambacho maji hayafiki, katika wilaya ambayo karibu kila mteremko una mtu.